Wapigaji na mapanta wa NFL: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeijua soka na sasa anaanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani, hasa ligi ya NFL. Vipimo vingi vya uwanja ni kwa yadi. Yadi 1 ni sentimita 91 na ushee, kwa hiyo ukitaka mita kwa haraka punguza sehemu moja ya kumi: yadi 60 ni karibu mita 55.

Mpigaji na panta ni mtu mmoja?

Kwa kawaida ni wachezaji wawili. Mpigaji hupiga mpira uliosimamishwa ardhini. Ana kazi tatu: goli la teke lenye pointi 3, pointi 1 ya nyongeza baada ya tachidauni (kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho, ng'ambo ya mstari wa goli la mpinzani), na mkwaju wa kuanzisha mchezo. Panta hupokea mpira mikononi, huuachia, na huupiga kabla haujagusa chini. Yeye hatafuti pointi. Timu yake imeshindwa kusogea yadi 10 katika majaribio matatu, imebakiwa na jaribio la nne tu, na ikilikosa mpinzani atauchukua mpira hapohapo. Ndipo panta anapoingia ili mpinzani aanzie mbali.

Panta ana kazi nyingine ambayo wengi hawaioni: mara nyingi ndiye anayemshikia mpira mpigaji. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa akiba. Siku hizi hupewa panta kwa sababu yeye, mpigaji na snepa, yaani mrushaji wa mpira, hufanya mazoezi pamoja kila siku wakati wengine wakiwa na makocha wao.

Mpira uko yadi ya 40, mbona mtangazaji anasema mkwaju ni wa yadi 57 au 58?

Kwa sababu milingoti iko nyuma kabisa ya eneo la mwisho, yadi 10 ng'ambo ya mstari wa goli, na mpira hurudishwa yadi 7 au 8 kabla ya kupigwa. Chukua namba ya mstari, ambayo huhesabiwa kutoka mstari wa goli, ongeza 17 au 18. Ukiizoea hesabu hiyo utaanza kujua mapema kama kocha ataita mpigaji au panta.

Goli lenyewe lina ukubwa gani?

Upana ni futi 18 na inchi 6, yaani mita 5.64. Mtambaa panya uko mita 3.05 kutoka chini, na mpira lazima upite juu yake, si chini yake. Linganisha na goli la soka lenye upana wa mita 7.32. Milingoti hupanda futi 35 juu ya mtambaa panya. Iliongezwa futi 5 mwaka 2014 ili waamuzi waweze kuona mikwaju inayopita juu sana karibu na ukingo.

Nini hasa hufanyika kati ya mpira kurushwa na kupigwa?

Haya ndiyo mambo ambayo mtazamaji mgeni huyapoteza, kwa kuwa yote huisha ndani ya takriban sekunde 1.3. Ukizidi hapo, beki anayetokea pembeni anafika.

Snepa huinama juu ya mpira na kuurusha kinyumenyume katikati ya miguu yake. Mpira unatakiwa uzunguke kama risasi na ufike kwenye mikono ya mshika mpira, aliyepiga goti moja yadi 7 au 8 nyuma. Snepa mzuri hujua mpira wake unazunguka mara ngapi katika umbali huo, hivyo hurekebisha nafasi yake kidogo mpaka ule mshono wa kamba ufike ukiwa umeelekea mbele bila mshikaji kuhangaika.

Mshika mpira naye huudaka, huusimamisha kwa ncha mahali alipoonyeshwa na mpigaji, huulaza kidogo tu upande anaotaka mpigaji, huuzungusha kama kamba hazijakaa vizuri, kisha anabaki na kidole kimoja juu ya ncha. Hakuna kiegemezo: katika NFL mpira wa goli la teke husimama juu ya nyasi zenyewe. Mpigaji huanza kukimbia kabla mpira haujatua chini. Akisubiri auone umesimama, amechelewa.

Kwa hiyo mkwaju unapokosa, mtazame kwanza snepa na mshikaji kabla hujamlaumu mpigaji. Januari 2003 New York Giants waliongoza San Francisco 49ers kwa 38 kwa 14, wakapitwa 39 kwa 38, na nafasi yao ya mwisho ya goli la teke ikaharibiwa na mpira uliorushwa chini. Snepa alikuwa mkongwe aliyesajiliwa wiki ileile. Miaka minne baadaye, Januari 2007 mjini Seattle, mkwaju wa yadi 19 tu ulimponyoka mikononi Tony Romo, kotabeki wa Dallas Cowboys aliyekuwa akishika. Dallas walifungwa 21 kwa 20. Katika mechi zote mbili mpigaji hakupata hata nafasi ya kuugusa mpira vizuri.

Mpigaji hujipangaje, na makosa ya kawaida ni yapi?

Kwa anayepiga kwa mguu wa kulia: weka mguu penye alama, rudi nyuma hatua tatu kwa mstari ulionyooka na katikati ya milingoti, kisha nenda kushoto hatua mbili. Unaufikia mpira kwa kukata kona. Mguu wa kushoto, wa kusimamia, hutua kando ya mpira, takriban sentimita 15 hadi 25 kutoka kwake, ukielekea goli. Kifundo cha mguu wa kupiga kinakazwa, vidole vinaelekea chini, na kinachogusa mpira ni ule mfupa mgumu wa juu ya unyayo, chini kidogo ya katikati ya mpira. Baada ya kupiga, mwili unaendelea mbele kuelekea goli.

Makosa hayana siri. Mguu wa kusimamia ukitua mbele ya mpira, mkwaju hutoka chini na kuzuiwa. Ukitua nyuma mno, mpigaji huegemea nyuma na mpira hupanda bila nguvu. Ukitua mbali pembeni, inabidi aufuate mpira kwa kunyoosha mguu, nao hupotelea kulia. Na akiinua kichwa mapema kuangalia kama umeingia, nyonga hufunguka na mpira hukunja kushoto. Hili la mwisho hutokea zaidi kwenye mikwaju ya karibu, ambako mtu anaona kazi imekwisha kabla haijaisha.

Kwa nini watu hulalamikia kamba za mpira?

Upande wenye kamba ni mgumu na hauko sawa. Mguu ukizigonga, mpira haupokei nguvu vile mpigaji alivyokusudia. Zikiwa pembeni, mpira huweza kuyumba hewani. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Januari 10, 2016, Minnesota dhidi ya Seattle, katika baridi ya nyuzi 21 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Blair Walsh alikuwa tayari amefunga mara tatu siku hiyo. Mkwaju wa yadi 27 wa dakika ya mwisho ulishikwa kamba zikimwelekea yeye, akaupeleka kushoto, na Minnesota wakatolewa kwa 10 kwa 9. Kamba hazimwondolei mpigaji lawama yote, kwani yadi 27 hufungwa hata hivyo mara nyingi, lakini zilikuwa mahali pabaya.

Zamani walikuwa wakipiga kwa dole. Nani aliyebadilisha?

Mpaka miaka ya 1960 mpigaji alisimama nyuma ya mpira kwa mstari ulionyooka na kuupiga kwa ncha ya kiatu, ambacho mara nyingi kilikuwa na pua bapa. Bingwa wa mtindo huo alikuwa Lou Groza wa Cleveland Browns, ambaye jina lake la utani lilikuwa "Dole". Wakati huo hakukuwa na mtu wa kupiga tu. Groza alikuwa pia mlinzi wa safu ya mbele. Katika fainali ya mwaka 1950 alifunga zikiwa zimebaki sekunde 28, Browns wakashinda 30 kwa 28.

Aliyeleta mtindo wa soka ni Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria ambaye familia yake ilikimbia baada ya mapinduzi ya 1956. Alipofika shule ya sekondari Marekani alipiga vile alivyozoea, kwa upande na juu ya unyayo, na watu wakashangaa. Alichezea Chuo Kikuu cha Cornell, kisha Buffalo Bills mwaka 1964 katika ligi ya AFL iliyokuwa ikishindana na NFL. Mei 1966 Giants wa NFL walimsajili. Usajili huo ulivunja makubaliano ya kimyakimya ya kutoibiana wachezaji, vita vya usajili vikazuka, na Juni 8, 1966 ligi hizo mbili zikatangaza kuungana. Ni vigumu kumpata mpigaji mwingine ambaye usajili wake ulitikisa mchezo mzima namna hiyo.

Baada yake walifuata wengi kutoka nje. Jan Stenerud wa Norway alikwenda Montana kwa ufadhili wa kuruka kwa skii, akaonekana akipiga mpira, akaishia Kansas City Chiefs mwaka 1967. Garo Yepremian alizaliwa Cyprus katika familia ya Kiarmenia. Morten Andersen alitoka Denmark. Faida ya mtindo wenyewe ni rahisi kueleza: nyonga huzunguka na kuongeza kasi ya mguu, na eneo linalogusa mpira ni pana kuliko ncha ya dole, hivyo kosa dogo haliharibu kila kitu. Mpigaji wa mwisho wa dole aliyeshika namba ya kudumu alikuwa Mark Moseley wa Washington, aliyestaafu mwaka 1986. Miaka minne kabla, katika msimu wa 1982 uliofupishwa na mgomo, alifunga 20 kati ya 21 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Hakuna mpigaji mwingine aliyewahi kupata tuzo hiyo.

Katika miaka ya 1960 zaidi kidogo ya nusu ya magoli ya teke yaliingia. Leo ni karibu 85 kati ya 100, na kutoka mbali zaidi.

Rekodi ya goli la teke la mbali zaidi ni ipi?

Yadi 68, yaani mita 62. Aliifunga Cam Little wa Jacksonville Jaguars dhidi ya Las Vegas Raiders, Novemba 2, 2025.

Historia yake ni ya kusubiri kwa muda mrefu. Novemba 8, 1970 mjini New Orleans, Tom Dempsey wa Saints alifunga kutoka yadi 63 katika sekunde za mwisho na kuwafunga Detroit Lions 19 kwa 17. Rekodi ikakaa. Jason Elam aliifikia mwaka 1998, kisha wengine wakaifikia pia, lakini hakuna aliyeipita mpaka Matt Prater alipofunga yadi 64 mjini Denver, Desemba 8, 2013. Septemba 26, 2021 Justin Tucker wa Baltimore alifunga yadi 66. Mpira uligonga mtambaa panya, ukaruka juu, ukaangukia ng'ambo. Walioumia ni Detroit tena, na matokeo yalikuwa 19 kwa 17 tena.

Katika Super Bowl, fainali ya NFL, rekodi ni yadi 57 ya Harrison Butker, Februari 2024. Katika mechi hiyohiyo Jake Moody wa 49ers alikuwa ameiweka kwa yadi 55, nayo ikadumu mpaka robo ya tatu tu.

Ni kweli Dempsey alikuwa na kiatu cha pekee?

Ndiyo. Alizaliwa bila vidole vya mguu wa kulia wala vya mkono wa kulia, na kiatu chake kilitengenezwa kufuata umbo la mguu huo, kikiwa bapa kwa mbele. Kulikuwa na madai kwamba kinampa faida. Mwaka 1977 ligi iliweka sheria kwamba kiatu cha mguu wenye kiungo bandia kiwe na uso wa kupigia kama wa kiatu cha kawaida. Tunavyoona, madai hayo hayakumtendea haki: eneo lake la kugusa mpira lilikuwa dogo kuliko la mtu mwenye mguu mzima, na hakuwa na vidole vya kumsaidia kusawazisha mwili.

Sheria zimebadilishwa mara ngapi kwa sababu ya wapigaji?

Mara nyingi, na karibu zote ni kwa sababu moja: walikuwa wamekuwa hodari kupita walivyotarajiwa. Milingoti ilikuwa juu ya mstari wa goli tangu 1933. Mwaka 1974 ilirudishwa nyuma yadi 10. Mwaka huohuo ikaamuliwa kuwa goli la teke likikosa, mpinzani aanzie pale mpira ulipokuwa kabla snepa hajaurusha nyuma, si yadi ya 20. Mwaka 1994 adhabu ikazidishwa: mpinzani huanzia pale mpira ulipopigwa, au yadi ya 20 kama ulipigwa kutoka karibu zaidi. Ndiyo maana mkwaju wa yadi 60 unaokosa ni hasara kubwa, kwa kuwa unampa mpinzani nusu uwanja.

Pointi ya nyongeza ilikuwa mkwaju wa takriban yadi 20, na mwishoni zaidi ya 99 kati ya 100 ziliingia. Mwaka 2015 mpira ulirudishwa mpaka mstari wa yadi 15, mkwaju ukawa wa yadi 33, na msimu huo zilishuka kufikia karibu 94 kati ya 100.

"Mpira wa K" ni nini?

Ni mpira wenye alama ya K unaotumika kwa mikwaju tu, ulioanzishwa mwaka 1999. Mpira mpya ni mgumu, unateleza, na una ncha kali. Mpira uliolainishwa huvimba kidogo katikati na kwenda mbali. Kabla ya hapo timu zilikuwa zikiupasha joto, kuulowesha na kuukandamiza mpaka ulainike. Ligi ikaamua mipira hiyo ikae mikononi mwa waamuzi. Mwaka 2025 utaratibu ulilegezwa, timu zikaruhusiwa kuandaa mipira yao ya K mapema, na mikwaju ya mbali sana ikaongezeka waziwazi.

Panta hufanya nini hatua kwa hatua?

Husimama yadi 14 au 15 nyuma ya snepa. Mpira humfikia kwa takriban sekunde 0.75, naye ana kama sekunde 1.3 za kudaka, kupanga na kupiga. Jumla isizidi sana sekunde 2.

Anapoudaka, huugeuza kamba zielekee juu. Kwa mguu wa kulia, hushikwa kwa mkono wa kulia, pua ya mpira ikiinama kidogo chini na kuelekea ndani kidogo. Hatua ya kulia, hatua ya kushoto, mpira unaachwa, mguu unapanda. Neno muhimu hapo ni "unaachwa". Panta anayeurusha juu au kuusukuma ameshaharibu, kwa sababu mpira hubadilisha mkao ukiwa hewani. Karibu kila mkwaju mbaya wa panta huanzia mkononi. Pua ikiinuka, mpira hubiringika hewani na kuanguka karibu. Ukiachwa ndani mno, mguu hukata mbele ya mwili na mpira hukimbilia pembeni. Penye upepo, achia kutoka chini zaidi ili upepo usipate muda wa kuusogeza.

Mpira uliopigwa vizuri huzunguka kama parafujo na hukaa hewani sekunde 4.5 au zaidi. Muda huo wa hewani una thamani sawa na umbali: unawapa wenzake nafasi ya kumfikia mpokeaji. Reggie Roby wa Miami alikuwa akicheza amevaa saa mkononi.

Kwa nini kuna wastani wa aina mbili?

Wastani wa jumla huhesabu mpira ulikwenda yadi ngapi. Wastani halisi hutoa yadi alizorudisha mpokeaji, na hutoa 20 kila mpira unapoingia eneo la mwisho. Panta akipiga 48 na mpokeaji akarudisha 9, halisi ni 39. Akipiga 50 ukaingia eneo la mwisho, halisi ni 30. Wa pili alipiga mbali zaidi na akaisaidia timu kidogo zaidi. Ukitaka kumjua panta, angalia wastani halisi pamoja na idadi ya mikwaju iliyomwacha mpinzani ndani ya yadi ya 20.

Rekodi za mapanta ni zipi?

Mkwaju mrefu zaidi ni yadi 98, wa Steve O'Neal wa New York Jets, mjini Denver, Septemba 21, 1969. Alipiga kutoka ndani ya eneo lake la mwisho, ukampita mpokeaji, ukabiringika mpaka yadi ya 1 upande wa pili. Jets walifungwa hata hivyo, 21 kwa 19.

Wastani wa msimu ulikuwa wa Sammy Baugh wa Washington, yadi 51.4 mwaka 1940, mpaka Ryan Stonehouse wa Tennessee alipofika 53.1 mwaka 2022. Baugh alikuwa kotabeki, na baadhi ya mikwaju yake ilikuwa ya kushtukiza kabla ya jaribio la nne, wakati hakuna mtu nyuma wa kudaka, hivyo mpira uliendelea kubiringika. Hilo halipunguzi ustadi wake, ila namba mbili hizo hazipimi kitu kilekile. Kwa nguvu za mguu kwa miaka mingi, Shane Lechler ni miongoni mwa walio bora kabisa: wastani wa 47.6 katika maisha yake yote ya kucheza. Jeff Feagles, aliyecheza misimu 22, ana rekodi ya mikwaju mingi zaidi, 1,713, na alikuwa fundi wa kuutoa mpira nje karibu kabisa na kona ya goli la mpinzani.

Ray Guy anasimama peke yake. Oakland Raiders walimchagua raundi ya kwanza mwaka 1973, jambo lisilosikika kwa panta. Mwaka 1976 aliugonga mkwaju mpaka ukafikia skrini iliyoning'inia juu ya uwanja wa Superdome. Kuanzia kwake makocha walianza kuzungumzia muda wa hewani kama kipimo.

Mbona mapanta wengi wanatoka Australia?

Kwa sababu futiboli ya Kiaustralia hufundisha watoto kupiga mpira wa umbo la yai kutoka mikononi wakiwa wanakimbia. Darren Bennett aliingia San Diego Chargers mwaka 1995 akiwa ametoka huko, na akaleta mkwaju unaobiringika kinyumenyume. Mpira hushikwa wima na kupigwa kwenye ncha. Ukitua hauendi mbele, hurudi nyuma au hudunda palepale. Kutoka katikati ya uwanja ndiyo njia bora ya kuusimamisha kabla ya mstari wa goli. Sasa karibu kila panta anao. Michael Dickson wa Seattle amefika mbali zaidi: Oktoba 2021 mkwaju wake ulizuiwa, akauokota mpira mbio, akaupiga tena, nao ukahesabiwa.

Mkwaju wa kuanzisha umebadilika vipi?

Ulikuwa ukipigwa kutoka yadi ya 40, ukarudishwa 35 mwaka 1974, 30 mwaka 1994, kisha 35 tena mwaka 2011 ili kupunguza watu kugongana kwa kasi kubwa. Mwaka 2024 umbo lote likabadilishwa. Mpigaji bado yuko yadi ya 35, lakini wenzake 10 hujipanga yadi ya 40 ya mpinzani, na hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira udakwe au utue. Mpira unatakiwa uangukie kati ya mstari wa goli na yadi ya 20. Ukiishia kabla ya hapo, au ukitoka nje, mpinzani huanzia yadi ya 40. Ukiingia moja kwa moja eneo la mwisho, huanzia 35 tangu mwaka 2025. Ukitua ndani ya eneo linalotakiwa kisha ukabiringika mpaka eneo la mwisho na kuwekwa chini hapo, huanzia 20 tu. Kwa hiyo mpigaji anayejua kuuteleza mpira chini, ukayumba njiani, ana thamani mpya ambayo nguvu peke yake haimpi.

Kocha anapoomba muda sekunde ya mwisho, anafanya nini?

Anajaribu kumgandisha mpigaji, apate muda wa kufikiri. Lakini haruhusiwi kuomba mara mbili mfululizo. Desemba 2, 2007 kocha wa Washington alifanya hivyo dhidi ya Buffalo; adhabu ya yadi 15 iligeuza mkwaju wa 51 kuwa wa 36, ukaingia, Buffalo wakashinda 17 kwa 16.

Mkwaju wa kudondosha bado upo?

Upo katika sheria. Mpira huachwa uguse chini kisha hupigwa unapodunda. Ncha za mpira zilipochongoka ili urushwe vizuri, mdundo ukawa hauaminiki. Doug Flutie alifunga pointi ya nyongeza kwa njia hiyo Januari 1, 2006, ya kwanza tangu 1941.

Adimu vilevile ni goli la teke la bure baada ya kudaka kwa ishara: timu inayodaka mkwaju wa panta kwa ishara ya mkono inaweza kupiga golini kutoka hapo bila kuzuiwa. Cameron Dicker wa Chargers alifunga hivyo kwa yadi 57, Desemba 19, 2024. Kabla yake ilikuwa mwaka 1976.

Hali ya hewa inahesabu kiasi gani?

Sana. Baridi huufanya mpira mgumu na hewa nzito. Denver iko mita 1,609 juu ya bahari na hewa yake nyepesi imesaidia rekodi kadhaa zilizotajwa hapa. Ndiyo maana goli tunaloliheshimu kuliko yote si la mbali zaidi: ni la Adam Vinatieri wa New England, yadi 45 ndani ya theluji nzito, Januari 19, 2002, lililosawazisha dhidi ya Raiders. Hakuweza kukimbia kwa kasi yake ya kawaida, alifupisha hatua, na mpira ukapita chinichini. Alifunga tena katika muda wa nyongeza, na wiki mbili baadaye akaishindia timu Super Bowl kwa yadi 48. Alimaliza na pointi 2,673, nyingi kuliko mchezaji yeyote.

Waliokosa wanaokumbukwa ni akina nani?

Scott Norwood wa Buffalo alipeleka kulia mkwaju wa yadi 47 katika Super Bowl ya Januari 1991, timu yake ikafungwa na Giants 20 kwa 19. Juu ya nyasi, yadi 47 haikuwa rahisi kwa mpigaji yeyote wa zama zile, na yeye amebebeshwa mzigo kuliko alivyostahili.

Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini, hakukosa hata mara moja katika msimu wa kawaida wa 1998 akiwa Minnesota: magoli 35 kwa 35, nyongeza 59 kwa 59. Katika nusu fainali alikosa mkwaju wa chini ya yadi 40. Atlanta wakashinda 30 kwa 27 katika muda wa nyongeza, kwa mkwaju wa Morten Andersen, wa umbali unaokaribiana, yadi 38.

Kuna Waafrika wengine?

Wanigeria Obed Ariri na Donald Igwebuike, wote waliopitia Chuo Kikuu cha Clemson, waliipigia Tampa Bay katika miaka ya 1980. Kutoka Afrika Mashariki, Daniel Adongo, mchezaji wa raga wa Kenya, alijiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013. Hakuwa mpigaji, bali aliingia kwenye vikosi vya mikwaju, wale wanaokimbia kuufuata mpira wa panta na wa kuanzisha.

Nacheza soka vizuri. Naweza kuanzia wapi?

Brandon Aubrey wa Dallas alikuwa mwanasoka wa kulipwa kabla ya kuanza msimu wake wa kwanza wa NFL mwaka 2023 kwa kufunga mara 35 mfululizo, kwa hiyo njia ipo. Lakini sahau baadhi ya mazoea. Katika soka unaulalia mpira usipae. Hapa unauinua mara moja upite juu ya mikono ya mabeki walio yadi 7 tu mbele yako. Hukunji mpira, unaunyoosha.

Anza yadi 20, bila kukimbia: hatua moja, mguu wa kusimamia, piga. Ukiingiza 8 kati ya 10 kwa mpangilio huo, ongeza hatua zote, kisha rudi nyuma yadi 5 kwa 5. Piga mikwaju 30 hadi 40 kwa siku, mara tatu kwa wiki. Zaidi ya hapo misuli ya paja na kinena huanza kuuma na mtindo huharibika. Mpira wa kupimia uwe na uzito wa gramu 397 hadi 425. Usipokuwa na mshikaji, tumia kishikizo cha chuma, ila mara moja kwa wiki tafuta mtu akushikie na mwingine akurushie, maana bila hao wawili hujajua bado kama unaweza kupiga ndani ya sekunde 1.3.